Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: ya kwetu, na ya Halswelle

Wanachama wenzangu, habari za siku nyingi. Nawashukuru wote mliokua mnatoka kukimbia hata zile asubuhi za Edinburgh ambazo mvua inakupiga usoni kama mchanga. Mahesabu na ada atayasoma mweka hazina, hapo mi sina cha kuongeza.

Nataka kuongelea lile la mwezi wa sita kwenye mita 400 yetu, mtu alizibiwa njia kona ya mwisho, akasukumwa, maneno yakatoka, na wawili hawajarudi mazoezini mpaka leo. Limeniuma sana. Ndo maana mkutano wa septemba niliwaletea habari za mkimbiaji wa zamani Wyndham Halswelle na nazirudia kwa ambao hamkuwepo.

Huyu alizaliwa London 1882, akawa afisa wa jeshi kikosi cha Highland Light Infantry, akapelekwa Afrika Kusini vita ya Makaburu, na hukohuko ndo mwanajeshi mwenzie Jimmy Curran, aliyekua mkimbiaji wa kulipwa, akakiona kipaji chake. Aliporudi akakimbilia klabu ya hapahapa kwetu, Edinburgh Harriers. Mwaka 1906 pale uwanja wa Powderhall akachukua ubingwa wa Scotland yadi 100, 220, 440 na 880, zote mchana mmoja! Nyie mnaolalamika mkikimbia raundi mbili naomba msome tena hapo.

Sasa Olimpiki ya London, julai 23, 1908, fainali ya mita 400. Wamarekani watatu na yeye, hakuna leni, kila mtu anajitafutia njia. Wanatoka kona ya mwisho Halswelle anataka kupita kwa nje, Mmarekani mmoja, Carpenter, anasogea nae, anasogea nae, mpaka kamfikisha ukingoni kabisa mwa njia, marefa wakapiga kelele na utepe wa kumalizia ukakatwa kabla mtu hajaufikia. Carpenter akaondolewa, ikaamuliwa mbio irudiwe tarehe 25 na kamba za kutenga leni, ila wale wengine wawili, Robbins na Taylor, wakagoma. (Taylor huyo siku hizohizo akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki, kwenye mbio za kupokezana, na desemba homa ya matumbo ikamuua, yake nitaileta siku nyingine.)

Basi Halswelle akakimbia peke yake. Nafikiria zile kamba zimetandikwa kwa ajili ya watu ambao hawapo, na yeye anazunguka, anamaliza kwa sekunde 50 kamili wakati kwenye nusu fainali alikimbia 48.4. Dhahabu ni yake ila mwenzio ndo anayekufanya ukaze, bila yeye miguu haina wa kumkimbiza. Mwaka uleule akaacha mashindano.

Vita kuu ilipokuja akaenda Ufaransa akiwa kapteni. Machi 31, 1915, karibu na Neuve Chapelle, alikua anajaribu kumwokoa afisa mwenzie aliyejeruhiwa, mdunguaji wa Kijerumani akampiga risasi akafa, miaka 32. Mtu aliyezibiwa njia na mwenzie uwanjani ndo huyohuyo aliyetoka kwenda kumfuata mwenzie kwenye risasi.

Kamati imekubali mwakani mita 400 yetu ikimbiwe kwenye leni mwanzo mpaka mwisho, na kona ya mwisho atasimama refa. Na nyie wawili, nimeongea na kila mmoja kwa simu, leni zenu zipo, tunawasubiri jumanne saa kumi na mbili jioni.