Kwa walimu wanaowasalisha watoto wetu

Walimu wenzangu wa Nabugoye na wa vijiji vyote vya Abayudaya, sisi Wayahudi wa Uganda, vinavyouzunguka mji wa Mbale, pamoja nanyi ndugu zetu wa Kasuku kule Nyandarua,

Shalom, na poleni kwa kazi. Naandika kwa Kiswahili ili wenzetu wa Kenya wasome bila kutafuta mkalimani; waliozoea kunisikia katika Luganda wataniwia radhi.

Juzi nilikaa nyuma ya watoto wakati wa Shaharit, sala ya asubuhi, kabla ya vipindi kuanza. Mbele yangu alikuwa mvulana wa miaka kama kumi, kidole chake kimelala juu ya ukurasa wa siduri, kitabu chetu cha sala, ambao wenzake walikwisha kuupita, midomo ikiyataja maneno ya Kiebrania kwa kasi ya mtu anayekariri jedwali la kuzidisha. Hakuwa mtundu. Alikuwa akifanya tulichomfundisha, nacho ni kumaliza.

Lawama ya kwanza ni yangu. Nilipokuwa nikifundisha, nilimpa alama mtoto aliyeisoma Amida yote, sala yetu kuu ya baraka, bila kukwama, na sikuwahi kumuuliza ni baraka ipi kati ya zile 19 iliyomgusa siku hiyo, siku ambayo huenda mama yake alikuwa amelazwa au ng'ombe wao wa pekee alikuwa amekufa. Watoto wale walinipa nilichowadai, basi.

Naelewa kwa nini baadhi yenu, mlipoona kasoro hiyo, mmeanza kuifupisha sala na kuwaketisha watoto kwa duara waeleze yaliyomo moyoni mwao. Nia ni njema. Lakini mtoto anayetakiwa kutoa ya moyoni mbele ya darasa zima hutafuta jibu litakalompendeza mwalimu, nasi tunajikuta tumerudi kwenye alama zangu za zamani, ila safari hii tunasahihisha hisia.

Sala ilipokwisha, mvulana yule alinifuata nje. Aliuliza, "Babu, mbona Pesach ikifika tunaacha kuomba mvua, na hapo ndipo mvua zetu zinapoanza?" Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha, kwa maana mtoto aliyeuliza hivyo alikuwa anayasikia maneno hata pale midomo ilipokuwa ikikimbia. Siduri zetu hutuombesha mvua kuanzia mapema Desemba hadi Pesach, yaani Pasaka ya Kiyahudi, kwa kufuata majira ya nchi za kale za Mashariki ya Kati, ilhali kwetu chini ya Mlima Elgon Desemba na Januari ni kiangazi, na masika hushuka Machi hadi Mei. Swali lake ni la kale. Talmud, mkusanyo wa mafundisho ya wahenga wetu, katika kitabu cha Taanit, inasimulia kwamba watu wa Ninawi walipeleka ujumbe kwa Rabi Yehuda ha-Nasi, kiongozi wa Wayahudi wa zama zile, wakimweleza kwamba wao huhitaji mvua hata katika mwezi wa Tamuzi, wakati wengine wako katikati ya kiangazi, wafanyeje? Wakajibiwa waiombe ndani ya Shomea Tefila, ile baraka ya Amida inayomtaja Mungu kuwa msikivu wa sala, ambamo mtu huruhusiwa kuitia haja yake mwenyewe.

Nilimfungulia siduri nikamwonyesha mstari wenyewe. Aliutazama kwa muda, kisha akauliza kama anaweza kuomba hapo kitu kisichokuwa mvua. Nikamwambia anaweza. Sikumuuliza ni kitu gani.

Ninachowaomba ni hicho. Sala yetu haihitaji kubomolewa ili mtoto apate pa kuingilia. Mlango umo ndani yake tangu zamani, ila hatujawaonyesha. Kila mtoto na ajue ukurasa ulipo, ajue kwamba akifika pale anaweza kusema kwa Lugwere, kwa Kigikuyu au kwa lugha yoyote anayoiota usiku, kwa kuwa Mishna, sehemu ya kale ya Talmud, katika kitabu cha Sota imeruhusu Shema, ungamo letu la Mungu mmoja, na sala kwa kila lugha. Kisha mwacheni anyamaze hapo, hata kengele ya kipindi ikikaribia. Ni afadhali aimbe wimbo mmoja pungufu.

Maneno mengine yafundisheni polepole, neno moja kwa juma linatosha. Anzeni na Modeh Ani, inayosemwa mtu anapoamka. Msichana husema Modah. Kiswahili husema "ninashukuru", kikaitanguliza ile "ni" ya msemaji, lakini Kiebrania kimetanguliza shukrani, "mimi" akafuata nyuma yake. Waulizeni watoto wanaonaje kuhusu mpangilio huo, nanyi msiwe na jibu mfukoni.

Kuna jambo la Hana, mama yake Samweli, ambaye midomo yake ilicheza na sauti isisikike, hata kuhani Eli akamdhania amelewa. Wahenga wetu wa Talmud walijifunza Amida ya kimya kutoka kwake. Sisi tuliokuwa watoto wakati wa Amin, dini yetu ilipopigwa marufuku, tulisali kwa sauti ya namna hiyo kwa sababu ya hofu: baba alifunga mlango kwanza, akakohoa, ndipo akaanza Shema, na kila neno tulilijua bei yake. Nawasihi msiwasimulie watoto habari hii kama fimbo, eti wao wana uhuru na bado wanapiga miayo. Kupiga miayo saa moja asubuhi si dhambi. Wasimulieni ili wajue kwamba Eli, pamoja na ukuhani wake, alishindwa kusoma midomo ya mtu anayesali, na kwamba mwalimu naye anaweza kukosea vilevile anapomhesabu mtoto aliyenyamaza kuwa ni mvivu.

Baada ya sikukuu ya Sukot nitakuja tena, Mungu akipenda, nikae kwenye kiti kile kile cha nyuma. Tafadhali msiwatayarishe watoto kwa ajili yangu.

Ni mimi mzee wenu, mwalimu mstaafu,
Mbale