Kidonda cha mguu kinachokosa oksijeni

Mhariri,

Baridi ya Juni na Julai huku Mbeya, Makete na Njombe hubana mishipa ya damu, na wanaoumia zaidi ni wagonjwa wa kisukari wenye vidonda vya miguu. Wengi wanabadilishiwa antibiotiki tu, ilhali kasoro iko kwenye mtiririko wa damu. Chembe nyeupe aina ya nyutrofili hutumia oksijeni kutengeneza sumu ya kuua bakteria. Mshipa ukiziba, hata zile zinazofika kidondani huua kwa shida. Hujazana, huishi muda mrefu kuliko kawaida na kuharibu nyama isiyo na kidonda. Gentamisini, moja ya antibiotiki hizo, nayo huhitaji oksijeni ili iingie ndani ya bakteria.

Wahudumu wenzangu, kabla ya kubadili dawa papaseni mapigo juu ya wayo na nyuma ya kifundo, upande wa ndani. Yasiposikika, mgonjwa apewe rufaa siku hiyo hiyo. Kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni hakitoshi: kinaweza kusoma asilimia 95 huku mguu ukikosa damu. Bandeji inayobana ilegezwe, sigara iachwe, soksi ziwe za sufu na pana. Na tafadhali sana, mguu wenye ganzi usioteshwe moto wa mkaa. Huungua bila mwenyewe kuhisi.

Muuguzi wa vidonda,
Mbeya