Alama si kamusi jamani

Mhariri,

Naomba kanafasi kadogo. Ukurasa wenu wa fasihi naufuata kila ukitoka na siwezi kusema haunisaidii, ila juzi mchambuzi wenu alivyozigusa hadithi fupi za kijana anayepevuka nimeshindwa kunyamaza. Kapanga orodha ya alama kabisa, giza ni ujinga, safari ni maisha, ua ni mapenzi, halafu mhusika mwenyewe kamaliza kwa mstari mmoja, eti "kijana mwenye ndoto". Sasa hiyo si kamusi hiyo?

Chukua Araby, hadithi fupi ya James Joyce, mwandishi wa Ireland, ile iliyomo kwenye mkusanyiko wake Dubliners wa 1914. Kijana, hata jina hajapewa, kampenda dada wa rafiki yake Mangan, na dada mwenyewe anatamani kwenda bazaa, yaani soko la maonyesho, iitwayo Araby, ila hawezi kwa sababu ana mafungo ya kiroho huko shule ya masista, basi kijana akajitia kuahidi kwamba yeye akienda atamletea kitu. Kuanzia hapo hata darasani hasomi tena. Mtasema bazaa ni alama ya ndoto, sawa, ndoto ya nani? Bazaa ya jina hilo ilikuwepo kweli Dublin, Mei 1894, ya kuchangia hospitali tu. Uajabu wote kautia yeye, maana ni mtu ambaye hata akienda sokoni na shangazi yake Jumamosi, katikati ya walevi na wapiga kelele, anajiona kama amebeba kikombe cha misa.

Kinachonimaliza mimi ni zile hela. Mjomba kasahau kwamba kijana anangoja hela ya kwendea bazaa, karudi saa tatu usiku, ndo anatoa florini, yaani shilingi mbili, na shilingi moja enzi hizo ni peni kumi na mbili. Toa nauli ya treni, toa shilingi nzima ya mlangoni kwa sababu mlango wa kiingilio cha peni sita hakuuona na aliogopa watafunga, anaingia ndani na peni nane na vibanda karibu vyote vishafungwa. Kwenye kimoja kuna dada anauza vyungu vya maua na seti za chai, anapiga stori na wanaume wawili, anamuuliza kama anataka kitu, kwa sauti ile ya ilimradi nimeuliza. Hapana, asante. Halafu anaondoka taratibu, anaziachia peni mbili zigongane na ile sarafu ya peni sita mfukoni. Kwenye orodha yenu peni mbili hazimo, lakini kwangu mimi utoto wake umeishia kwenye mlio ule.

Kisha taa zinazimwa, na najua hapo mchambuzi ataruka na giza lake la ujinga, wakati ni humohumo gizani kijana anajiona alivyo kwa mara ya kwanza, macho yanamuwaka kwa uchungu na hasira. Giza limegeuka kwa sababu mtu amegeuka!!

Haki yake nampa kwenye ule mtaa anaokaa kijana, usiotokea upande wa pili, hiyo mwandishi kaiweka hadharani mstari wa kwanza kabisa, haihitaji ubishi.

Siku nyingine aanze na mhusika basi, anataka nini na anaona aibu gani, vitu vingine vitamfuata vyenyewe. Na akipata muda anieleze ile pampu ya baiskeli yenye kutu iliyookotwa bustanini, ya yule padri aliyefia kwenye nyumba ya kina kijana kabla yao, maana nimeisoma mara nyingi na kila mara naishia kuiacha palepale vichakani.

Msomaji wenu