Dili inasema ushuru sifuri, mbona nimelipishwa?

Jumatatu mteja kanipigia amewaka kweli, anasema nimemla hela, eti serikali ya Uingereza ilisaini dili ya ushuru sifuri na Umoja wa Ulaya halafu mimi namtumia bili ya asilimia 12 kwa fulana zake zilizoenda Uholanzi. Sio wa kwanza. Mimi wakala wa mizigo, tangu Januari 2021, Uingereza ilipotoka kwenye soko la Ulaya, simu ya aina hii naipokea karibu kila mwezi na kila mara naanza kuelezea upya, kwa hiyo leo naandika ili nikiulizwa tena nitume linki.

Ushuru sifuri upo, ila ni kwa bidhaa zenye asili ya Uingereza au ya Ulaya. Fulana za huyu ndugu zimeshonwa Bangladesh, zikaingia Uingereza, zikachapwa nembo, zikafungwa upya. Nembo haiwezi kuibadilisha fulana ikawa ya Uingereza. Zamani tukiwa ndani ya Umoja wa Ulaya, mzigo ukishalipiwa sehemu moja umemaliza, hakuna aliyeuliza nani kashona, sasa hivi ukivuka bandari ya Dover lazima uulizwe. Na hiyo asilimia 12 ni ushuru wa kawaida wa Ulaya kwa fulana, kwangu haingii hata senti.

Akaniomba niandike tu kwenye invoisi kwamba asili ni Uingereza. Nikakataa, na hapo ndipo aliponiona mbaya. Lakini mimi nimeshaona mwisho wake. Kuna mteja alitujia akitokea kwa wakala wa bei ya chee aliyekuwa anamwandikia hivyo hivyo kila mzigo. Mwaka na kitu kimya, halafu forodha ya upande wa pili ikataka ushahidi: kitambaa kilinunuliwa wapi, kilikatwa wapi, risiti ziko wapi. Hana hata moja. Alikuwa anauza kwa bei ya mpaka mlangoni, yaani muuzaji ndiye analipa ushuru, kwa hiyo ushuru wa mizigo yote ya nyuma ukamrudia yeye, na mnunuzi wake akahamia kwa muuzaji wa ndani ya Ulaya. Kwetu sisi angelipa pauni 30 zaidi kwa kila mzigo tukamkagulia asili kabla lori halijaondoka.

Swali la pili huwa ni hili: kwa nini serikali haikuyakataa haya makaratasi ya forodha kwenye mazungumzo?

Aliyewahi kutoa mzigo bandarini atanielewa haraka. Kontena likishashuka na siku za bure zikaisha, huna tena nguvu ya kubishana bei na mtu yeyote, maana kila siku inayopita mlipaji ni wewe. Uingereza ilijiweka pale pale tarehe 29 Machi 2017 ilipopeleka barua ya Kifungu cha 50, ya kutangaza kujitoa Umoja wa Ulaya, saa ikaanza kuhesabu miaka miwili na kuongezewa muda ni mpaka nchi 27 zinazobaki zote zikubali. Huku soko la watu kama milioni 450, huku watu kama milioni 67. Zaidi ya asilimia 40 ya mauzo ya nje ya Uingereza yalikuwa yanaenda Ulaya, wakati kwa Ulaya Uingereza ilikuwa mteja mkubwa ndio, ila sio wa kufa na kupona. Michel Barnier anaongea kwa niaba ya nchi 27, London mawaziri wanajiuzulu na waziri mkuu anabadilishwa katikati ya mazungumzo. Muda ukaongezwa, na mkataba wa biashara ukapatikana 24 Desemba 2020, wiki moja kabla ya kipindi cha mpito kwisha. Wiki moja! Sisi wenye mizigo barabarani tulisoma masharti wakati wa sikukuu.

Wengine waliniambia tutafidia kwa mikataba na nchi nyingine. Mkataba wa Australia, makadirio ya serikali yenyewe yalisema utaongeza pato la taifa kwa asilimia 0.08 ifikapo 2035, na George Eustice, aliyekuwa waziri wakati unajadiliwa, alisimama bungeni Novemba 2022 akakiri haukuwa mkataba mzuri sana. Kanada ndio inaniuma zaidi kwa sababu nina wateja wa jibini. Nafasi maalum ya jibini la Uingereza kuingia bila ushuru iliisha mwisho wa 2023, Kanada ikagoma kuirefusha, na nje ya mgao ushuru ni asilimia 245. Uingereza ikasimamisha mazungumzo ya biashara Januari 2024, jibini likabaki na ushuru wake.

Hata Mei 2025, Uingereza na Ulaya walikubaliana kujadili kupunguza ukaguzi wa vyakula, na siku hiyo hiyo meli za uvuvi za Ulaya zikapata miaka 12 mingine kwenye maji ya Uingereza, hadi 2038.

Sasa bei zetu. Kabla ya 2021 mzigo wa kwenda Ufaransa ulikuwa invoisi na karatasi ya lori, basi. Leo kuna tamko la kutoa upande huu, tamko la kuingiza upande ule, namba ya EORI (ya kumtambulisha mfanyabiashara forodhani), namba ya HS (ya aina ya bidhaa), tamko la asili, na chakula cha asili ya wanyama lazima cheti cha afya kisainiwe na daktari wa mifugo. Kwa vyakula vinavyoingia kupitia Dover, tangu 30 Aprili 2024 kuna tozo ya serikali inayofika pauni 145 kwa mzigo. Zote hizo tunakuandikia mstari kwa mstari, chetu kikiwa peke yake, na kosa la tarakimu moja kwenye HS linamlaza dereva usiku kucha.

Tutumie invoisi siku mbili kabla, pamoja na karatasi ya kiwanda inayoonyesha bidhaa ilitengenezwa wapi. Na kama bidhaa yako kweli ni ya Ulaya au Uingereza ila ulilipishwa kwa sababu muuzaji hakuandika tamko la asili, una hadi miaka 3 tangu mzigo uingie kudai hela yako. Mwaka jana tulimdaia mteja wa vigae vya Italia, ilichukua miezi minne na barua nyingi, ikarudi yote.