Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkurugenzi: kifusi kimetuzibia njia ya jeneza

Asalaam aleikum Mheshimiwa.

Ofisi yako siitaji, mwenyewe utajijua, mana barua zangu mbili unazo na ya tatu karani alinigongea muhuri mbele ya macho yangu. Mie ni yule muuza vitumbua wa huku Ng'ambo, mjini Zanzibar, ulonambia "tunalifanyia kazi mama" tangu masika iliyopita. Najua kazi ni nyingi, sikulaumu, ila masika nyengine hii inagonga hodi na kifusi kiko pale pale, kishaota mpapai juu yake na mpapai wenyewe unazaa.

Nisingeandika hadharani kama si la Alkhamis. Mzee wa nyumba ya nne kafariki alfajiri, adhuhuri wakatoka naye kwenda kumsalia. Kichochoro chetu unakijua, ulikuja na viatu vyako vyeupe siku ile ya usafi, watu watatu hawapishani, na usiku wa kuamkia siku hiyo tipa ilikuwa ishamwaga tena pale mdomoni mwake. Jeneza limefika pale likasimama. Wakalipandisha upande mmoja, kijana mmoja akateleza kwenye vigae vya chooni akapiga goti, jeneza likaegemea ukuta, wanaume wanavuta shahada na mie nimesimama mlangoni na bakuli la unga mkononi nasema ya Rabbi lisianguke. Halikuanguka. Lakini uso wa mtoto wa marehemu hautonitoka.

Sasa nikwambie kilichomo mle, mana nyie mkisema taka mnadhani maganda ya ndizi. Mna mawe ya nyumba kongwe ilovunjwa kupisha ghorofa, mapande ya zege, jipsam bodi zishaoza zinanuka, boriti na misumari yake (mwanangu kashachomwa, sindano ya pepopunda nimelipa mwenyewe), na vipande vya yale mapaa ya zamani ya asbesto. Nondo tu ndo hamna! Nondo haikulala hata usiku mmoja, vijana wa skrepa walizipigia nyundo mpaka zikatoka zote. Chenye bei hakilali njiani Mheshimiwa. Na haya mawe zamani yalikuwa na bei, babu yangu alikuwa fundi, nyumba ya chokaa ikivunjwa jiwe linaachia likatoka zima, unalisafisha kwa tindo linakwenda kujenga ukuta mwengine. Saruji haiachii, sawa, lakini zege si linasagwa likawa kokoto, likatiwa chini ya njia, chini ya sakafu? Sie ambao mchanga wa kujengea wenyewe kuupata ni kazi, huko mashamba mashimo matupu, tunachimba kipya na cha zamani tunakitia mtaroni. Asbesto ndo si ya kusaga, vumbi lake linaleta saratani ya mapafu, hiyo inataka itengwe na wenye kujua. Sasa hivi watoto wanaivunjavunja wanacheza duka, ndo unga wao ule.

Kwa nini wanamwaga kwetu? Mie nahisi jaa la Kibele wanaona mbali, mafuta ghali, dereva analipwa kwa tripu na usiku hana wa kumuuliza. Ama mwenye ghorofa kashalipa na pesa imeshuka njiani, Mungu ndo ajuae, simsingizii mtu. Sheha wetu masikini alimkimbilia mmoja na tochi, akaishia kula vumbi.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2006, mpaka wageni wanaonywa kabla hawajashuka, hongera sana. Yaani mfuko wa bibi wa kizungu unaonekana, tipa zima halionekani? Sheria ya mazingira ipo, namba 3 ya 2015. Na kibao mlichoahidi mlikiweka, sikatai, ila kifusi kimekimeza, limebaki neno la juu tu, MARUFUKU, sasa hatujui marufuku nini, labda kupita.

Ninachotaka si kikubwa. Mtu akija kuomba kibali cha kuvunja au kujenga aandike kifusi chake kinakwenda wapi, na asiendelee mpaka alete risiti ya alikokimwaga. Na pawe na mahala pamoja pa kuchambulia na kusagia, mbona mafundi watanunua, mie mwenyewe nataka kokoto za uwani kwangu. Na tipa la usiku likamatwe. Na mtaro uzibuliwe, mana maji yakikosa pa kupita yanapita chumbani kwangu, godoro nshatupa moja.

Na kama yote hayo mazito basi yaache Mheshimiwa, leta kijiko tu, lile gari la kuzolea kifusi. Asubuhi moja. Chai na vitumbua juu yangu, dereva na wewe.

Mama yangu ana miaka 82, wiki ya tatu hii hajatoka chumba cha ndani. Kila nikisikia tipa usiku nafungua dirisha nitazame kama njia bado ipo.