Barua kwa Saumu: nyota changa na wingu lililoizaa

Lushoto, 19 Januari 2025

Shoga yangu Saumu,

Salaam nyingi. Sisi huku hatujambo, mama anaendelea vizuri na dawa zake, na vuli imetuachia mboga za kutosha. Natumaini nawe na watoto hamjambo huko Morogoro, na shule zimefunguliwa salama.

Barua yako nimeipata, na swali la wanafunzi wako wa kidato cha tatu limenikaa kichwani tangu siku ile. Wanauliza, kama nyota inayozaliwa ina joto kali, kwa nini katika ile picha ya darubini ya James Webb pale katikati pana utepe mweusi? Na wewe ukaongeza la kwako: je, nyota mbili za uzito mmoja huzaliwa na mwanga mmoja? Hapana, Saumu. Ndiyo maana nimeamua kukuandikia kwa kirefu badala ya kukupigia simu.

Vitabu vya shule huanza na Jua. Hidrojeni inaungana kuwa heliamu kwenye kiini, nguvu inatoka, na nyota yenye uzito mkubwa inang'aa zaidi. Hayo ni sahihi kwa nyota iliyokwisha kukomaa. Nyota changa haijafika huko, kwa sababu kiini chake hakijapata joto la kuiwasha hidrojeni. Sehemu ya mwanga wake inatokana na kusinyaa kwake yenyewe, na sehemu kubwa, hasa mwanzoni kabisa, inatokana na gesi inayoiangukia. Gesi hiyo huteremka kutoka kwenye wingu lililoizaa, hufika kwa kasi ya mamia ya kilomita kwa sekunde, na ikigonga, kasi yote ile hugeuka joto na mwanga. Kwa hiyo kuujua uzito wa nyota changa hakutoshi kukwambia itang'aa kiasi gani. Lazima ujue inalishwa kiasi gani, na kuna nini kati yake na sisi.

Chukua FU Orionis, nyota ninayoipenda kuliko zote. Iko upande wa kichwa cha Jabari, kundi la nyota ambalo Wazungu huliita Orion, umbali wa takriban miaka ya nuru 1,350. Kabla ya 1936 ilikuwa kinukta hafifu tu kwenye picha za darubini. Kati ya 1936 na 1937 mwanga wake ukapanda zaidi ya mara 100. Nyota zinazolipuka kwa kawaida hufifia baada ya wiki au miezi, basi wataalamu wakangoja nayo ififie. Haikufifia. Imepungua polepole mno, na hadi leo, karibu miaka 90 baadaye, bado inang'aa kupita kiasi. Kwa muda mrefu ilidhaniwa ni kioja cha peke yake, hadi mwaka 1970 hivi nyota nyingine, V1057 Cygni, ilipofanya vilevile. Mtaalamu wa nyota George Herbig wa Marekani akazichukua kama aina moja ya nyota, na orodha imeendelea kukua.

Kilichotokea ni kwamba gesi ya wingu haishuki moja kwa moja juu ya nyota. Wingu linazunguka, kwa hiyo gesi inajipanga kwanza kuwa diski bapa, inakaa humo, halafu inateremka kidogo kidogo. Wingu likiendelea kumwaga kuliko diski inavyoweza kupitisha, mzigo unalundikana, na siku moja unaporomoka. Kwa makadirio, nyota ya aina hii ikiwa kileleni humeza gesi yenye uzito sawa na Dunia yetu nzima kila baada ya wiki mbili hivi. Ikiendelea hivyo miaka 10 inakuwa imemeza uzito kama wa sayari ya Mshtarii. Na mwingi wa mwanga tunaouona wakati huo si wa nyota, ni wa diski yenyewe iliyopata joto la maelfu ya digrii. Nilipolielewa hili mara ya kwanza nilishindwa kulala. Tunasema nyota imewaka, kumbe kilichowaka ni chakula chake kikiwa njiani.

Hapo ndipo fumbo jingine likafumbuka. Mwaka 1990 mtaalamu wa nyota Scott Kenyon na wenzake walipima nyota changa zilizo katika mawingu ya kundi la nyota la Ng'ombe (Taurus), kama miaka ya nuru 450 kutoka hapa, wakitumia data za IRAS, darubini ya angani iliyorushwa 1983. Walikuta nyingi zina mwanga wa takriban sehemu moja ya kumi ya ule uliotarajiwa. Kama zinakula kwa mwendo mmoja tangu kuzaliwa, zingepaswa kung'aa sana kuliko hivyo. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba nyota changa huishi kwa njaa na karamu: muda mrefu inakula kidogo na kuonekana hafifu, kisha inakuja miaka ya kushiba kama ile ya FU Orionis. Ukiipima siku ya njaa utadhani ni dhaifu. Mimi naona hili ni la kuwaambia wanafunzi wazi kabisa, kwa sababu wamezoea kufikiri kwamba namba iliyopimwa usiku mmoja inatosha kueleza kitu.

Na chakula chenyewe hakitoki lazima kwenye wingu la nyumbani. Mwaka 2024 watafiti waliotumia ALMA, ule mkusanyiko wa antena 66 kwenye jangwa la Atacama huko Chile, walitangaza kuona mkondo mwembamba wa gesi ukiingia FU Orionis kutoka nje. Kwa sasa mkondo huo ni mdogo, hautoshi kuulisha mwanga wote ule, ila wanaona huenda mkondo wa aina hiyo ndio uliouanzisha zamani. Nyota husafiri, Saumu, na njiani hukutana na mawingu ambayo hayakuizaa. Hata Kilimia chetu, ambacho wazee walikitazama kujua majira ya kulima, ule ukungu wa buluu unaoonekana kwenye picha zake si mabaki ya uzazi. Nyota zile zina umri wa kama miaka milioni 100, na zinapita tu katikati ya vumbi la watu wengine na kulimulika.

Sasa turudi kwenye giza la wanafunzi wako. Picha waliyoiona nadhani ni ya nyota changa iitwayo L1527, iliyotolewa Novemba 2022, nayo iko hukohuko kwenye kundi la Ng'ombe. Itazameni tena pamoja. Kuna umbo la saa ya mchanga, na pale kwenye shingo kuna kitepe cheusi kilicholala. Kitepe hicho ni diski inayoonekana kwa ubavu, na nyota imejificha ndani yake. Chembe za vumbi ni ndogo kama za moshi, lakini ziko nyingi mno. Zinaumeza mwanga, zinapata joto, kisha zinalitoa kama miale ya infraredi, ile ya joto isiyoonekana kwa macho. Ni kama jiko la mkaa lililofunikwa majivu: huoni kaa, lakini ukisogeza kiganja unajua moto upo. Mwanga uliopata upenyo umetokea juu na chini na kuimulika gesi kwa rangi za buluu na machungwa. Angekuwapo mtu anayeitazama nyota hiyohiyo kutoka upande wa juu, angeiona kali kuliko sisi.

Pazia hilo linaweza pia kusogea. Nyota changa nyingine, AA Tauri, ilitazamwa kwa miongo kadhaa ikiwa na tabia inayojulikana, halafu mwaka 2011 ikafifia. Nyota haikubadilika. Vumbi la diski yake lilijisogeza mbele yetu.

Kuhusu majirani nitasema kwa ufupi. Kwenye ukungu wa Jabari, lile wingu la gesi linalozaa nyota, kuna nyota moja nzito sana, Theta-1 Orionis C, na miale yake inazichoma diski za nyota changa zilizo karibu hadi gesi inapeperuka na kupotea. Darubini ya angani ya Hubble ilizipiga picha miaka ya 1990, kila diski ikiwa na mkia unaoelekea upande wa pili wa nyota ile kubwa. Nyota ya namna hiyo inapungukiwa chakula mapema, ilhali mwenzake aliyezaliwa mahali patulivu anaendelea kula. Kwa hiyo kwa swali lako, shoga, mapacha wa uzito mmoja wanaweza kutofautiana mwanga mara mia kwa sababu ya ujirani, ulishaji na pembe ya kutazamwa.

Wiki hizi Jabari yuko juu mapema jioni. Watoe nje, waonyeshe zile nyota tatu zilizojipanga, kisha washuke kidogo upande wa kusini hadi kwenye doa lenye ukungu. Kwa macho litaonekana hafifu, kwa darubini ndogo ya mkono litaonekana vizuri zaidi. Waandike wanachokiona kabla hujawaeleza lolote, halafu nitumie majibu yao, hata yale ya ovyo. Ningependa sana kujua yule binti aliyeuliza kuhusu giza ataandika nini.

Nisalimie shemeji na watoto. Mama anasema mchele wa mara ile umeisha.

Wako akupendaye,
Mwanaidi