Versailles ilivyoiacha njaa ya Ugogo

Ndugu Mhariri,

Mkataba wa Versailles, ule wa amani wa 1919 kati ya Ujerumani na walioishinda katika Vita Kuu ya Kwanza, ukitajwa huku kwetu, maelezo huwa yaleyale: Mjerumani alitwishwa fidia, akajaa kinyongo, Hitler akapata pa kuanzia. Sikatai. Lakini mkataba huo una ibara 440, na baadhi zinatugusa sisi wa Dodoma, yaani Ugogo, nchi ya Wagogo, hasa kwa yale zisiyoyasema.

Ibara ya 119 iliipokonya Ujerumani makoloni yote. Tanganyika ikaenda kwa Mwingereza, Rwanda na Burundi kwa Mbelgiji, Kionga kusini ya Ruvuma kwa Mreno. Hayo yanajulikana.

Isiyosomwa ni ibara ya 232. Iliidai Ujerumani ilipe madhara yaliyowapata raia wa Mataifa Washirika, yaani nchi zilizopigana na Ujerumani, na mali zao. Hapo ndipo Mgogo alipoachwa nje. Mwaka 1916 hakuhesabiwa raia wa Mshirika yeyote. Alikuwa chini ya Mjerumani, yaani upande wa mdaiwa. Nani angemdaia?

Na alikuwa na la kudai. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa upagazi. Waingereza walipoingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916, nao wakachukua vilevile. Vijana hao ndio waliokuwa walime mtama na uwele. Ng'ombe ndio ghala la Mgogo: mwaka ukiwa mbaya, anamtoa ng'ombe anapata nafaka. Kwa hiyo mvua zilipokosekana, shamba halina mtu na zizi halina kitu. Wazee waliiita njaa hiyo Mtunya, yaani kinyang'anyiro. Inakadiriwa iliua watu 30,000 wa wilaya hii. Na mmoja wa wale wawili waliochukua ndiye aliyekabidhiwa nchi.

Mwaka 1921 deni la Ujerumani lilipangwa kuwa maki za dhahabu bilioni 132, likiwa na tume ya kulisimamia. Sehemu kubwa haikulipwa kamwe. Hata hivyo, wenye hati za mikopo iliyochukuliwa kulipia fidia hiyo waliendelea kulipwa hadi Oktoba 2010. Karatasi ilikuwa na mwenyewe. Ng'ombe wa Bahi na Mpwapwa hawakuwa na karatasi.

Kitu chetu kimoja tu kiliandikiwa tarehe ya mwisho: fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, ibara ya 246, lirudishwe ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kufanya kazi, Januari 1920. Lilifika Kalenga, karibu na Iringa, Juni 1954. Ibara haikutoa alama ya kulitambua fuvu, haikusema lilihifadhiwa wapi, wala haikuweka adhabu kwa atakayechelewa. Matokeo yake, Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alikwenda kulichagua Bremen, Ujerumani, kwa kulinganisha vipimo vya mafuvu na vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa. Hadi leo wapo wanaotia shaka kama ndilo lenyewe.

Walimu wenzangu wa historia, mkifika Versailles someni ibara ya 232 na 246 kwa pamoja darasani. Na wanaoketi Arusha au Dar es Salaam kusuluhisha vita vya majirani, kabla ya sahihi, waandike kwa majina ya vijiji nani alichukuliwa mifugo na mazao, na nani atamdaia.

Mwalimu wa historia,
Dodoma